Wanga Umezidi, Wanga Wamezidi

Jumatano, mwezi wa pili. Joto la Kaskazi, hakuna hata jani linalotikisika.

Nina hasira. Naiandika mapema nisije nikajidai baadaye kwamba nilikuwa na huzuni, au uchovu, au lile neno tunalolipenda siku hizi, msongo. Si msongo. Ni hasira ya kawaida, ile ya kubamiza milango, na leo nimeshabamiza miwili.

Nimefunga saluni yangu ya Mapinga, nimewaacha wateja waliokwisha kununua rasta zao, nimekuja Bagamoyo kwa mama. Jana Shangazi Tatu alinipigia simu kuniuliza kama mama hajambo. Swali la ajabu kutoka kwake. Shangazi Tatu ni dada yake marehemu baba, ana shamba lake Makurunge, na kila wiki huja mjini kumwona mama, hulala usiku mmoja, kisha hurudi kwake. Siku zote yeye ndiye anayenipa mimi habari za mama. Jana aliniuliza mimi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Leo nimemkuta amekaa kwenye baraza la nyumba yetu, nje, juani, kapu lake liko miguuni limefunikwa kanga, na mlango wa mbele umefungwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu bila kuniangalia usoni. Nikamuuliza mbona hajaingia ndani.

"Mama yako kalala, labda."

Redio ya mama ilikuwa inasikika mpaka mtaa wa pili. Ndipo nikaangalia chini. Kizingiti chote kilikuwa kimemwagiwa chumvi ya mawe, mstari mnene, kutoka ukuta huu mpaka ule.

Mtu wa pwani haelezwi maana ya chumvi ya mlangoni. Ni ya kumzuia mchawi asivuke. Na mbele ya chumvi hiyo alikuwa amekaa mwanamke aliyekaa na mama eda nzima baba alipofariki, akimpikia, akimchotea maji, akimsomea Yasini pale mama alipokuwa hawezi kufungua kinywa.

Shangazi alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akaniambia nimpelekee mama lile kapu, ni mihogo na kisamvu kama kawaida. "Mwambie nimemsalimu sana." Akashika njia ya stendi. Nilimwita, hakugeuka.

Hapo ulibamizwa mlango wa kwanza. Wa uani, kwa sababu wa mbele ulikuwa na komeo.

Mama alikuwa anakunywa chai. Sasa ngoja niieleze hiyo chai, maana bila kuielewa hamtaelewa kitu. Chai ya mama ni kikombe cha chai ya tangawizi, vitumbua vinne, chapati iliyobaki jana, na bakuli la mihogo iliyopikwa kwa nazi. Ukimuuliza kama amekula atakwambia hajala, kanywa chai tu. Wala hadanganyi. Kwetu chakula ni wali. Kinachokuja kabla ya wali ni chai, na kinachokuja katikati ni kutuliza tumbo. Kwa hesabu hiyo mama anakula mara moja kwa siku, mchana, wali wa nazi uliopandiana kwenye sahani mpaka mchuzi hauna pa kukaa, halafu usiku "anagusa" ugali. Hivyo ndivyo anavyowaambia hata wauguzi. Nakula mara moja tu, mwanangu. Na sukari yake haishuki, na miguu inamwaka moto akilala, na macho yameanza kuingia ukungu.

Nikamuuliza kuhusu chumvi. Akaendelea kutafuna. Kisha akasema, kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi, "Mimi sikubuni. Nimeambiwa hospitali."

Nikamwambia arudie. Akarudia, na nikalazimika kukaa chini.

Mwezi uliopita alikwenda zahanati kupima sukari. Mimi nilikuwa na bibi harusi wa kupamba, akasindikizwa na jirani yetu Bi Rehema. Muuguzi akaangalia kipimo, akatikisa kichwa, akasema, mama, wanga wamezidi. Mama akashtuka, akauliza wamezidi wapi. Huko nyumbani kwako, akajibiwa. Asubuhi wanga, mchana wanga, usiku wanga. Ndio wanaokupandishia sukari, ndio wanaokuchoma miguu. Halafu muuguzi akataka kujua asubuhi mama anakula nini. Mihogo. Anaipata wapi? Ananiletea wifi yangu, anatoka Makurunge.

"Basi huyo wifi yako ndiye anakuletea wanga," muuguzi akasema. "Mwambie asilete tena."

Kwa msomaji wa mbali: kwetu wanga ni wachawi. Mmoja wao ni mwanga. Ni wale wanaotoka usiku wakiwa uchi kwenda kuwangia watu, kuwakalia vifuani, kuwashika miguu. Ni neno ambalo bibi yangu hakulitamka baada ya magharibi. Mtu akiitwa mwanga hatukanwi tu. Anahamishwa, ananyimwa watoto wa kupakata, na mahali pengine anadhurika kabisa.

Mama alitoka zahanati akiwa amemshika Bi Rehema mkono.

Nakiri, kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Nikapiga meza kwa kiganja, nikamwambia mama, wanga ni chakula! Ni wali, ni ugali, ni mihogo hiyo iliyo mbele yako, ni chapati, ni kila kinachogeuka sukari mwilini! Nilipandisha sauti, nilifoka, sijawahi kumfokea mama hivyo. Yeye akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, Kiswahili mimi nimezaliwa nacho. Chakula kikiwa kingi mtu husema wanga umezidi. Yule kasema wamezidi. Kwani chakula kinakwenda wa-wa? Wamezidi ni watu."

Mama yangu hajui kidonge chake kipi ni cha asubuhi, lakini ngeli haimpiti. Na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi, kwamba kwa lugha alikuwa na haki.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akaongeza, huku akichovya kitumbua kwenye chai.

Nikabamiza mlango wa pili.

Nilichukua bajaji mpaka zahanati. Sitaitaja, na msiniulize kwenye maoni. Nilikaa kwenye benchi na hotuba yangu imeshapangika kichwani, yenye maneno kama uzembe na maisha ya watu. Muuguzi nilimtambua kwa maelezo ya mama, mwanamke mrefu mwenye miwani, mtu wa bara, mpole. Nikamwambia mimi ni mtoto wa mama fulani, nataka kujua hali yake. Alimkumbuka mara moja. Na haya niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe:

"Dada, kwa mama shida ni hawa wanga. Wanga wakiwa wengi, sukari haiwezi kushuka. Lazima muwapunguze."

Nywele zilinisimama. Mimi niliyesoma, ninayejua vizuri wanga wa kwenye sahani ni kitu gani, nilihisi ubaridi mgongoni saa ya jua kali. Sasa fikirieni mama.

Nikamuuliza kama anajua wanga kwetu ni nani. Hakujua. Kwao mchawi anaitwa mchawi, basi. Nilipomweleza alianza kucheka, kisha akaziba mdomo. "Mungu wangu. Na yule mama aliyekuja naye alikuwa anaitikia kila neno!" Akaomba radhi pale pale, akaniuliza afanye nini.

Hotuba yangu ikakosa pa kutokea. Unamfokea vipi mtu aliyesema kweli tupu kwa kiambishi kibaya? Kila alichomwambia mama ni sahihi. Wanga kweli ulikuwa umezidi, asubuhi, mchana na usiku, na kweli sehemu yake ilikuwa inatoka Makurunge ndani ya kapu. Nilikwenda kutafuta mtu wa kumkasirikia, nikapata mtu mwema aliyechoka, na nyuma yangu watu wanakohoa wakisubiri zamu. Hasira isiyo na pa kutua inakera kuliko hasira yenyewe.

Kwa hiyo nikamuuliza lile ambalo mama angepaswa kutoka nalo siku ile. Mtu ale wanga kiasi gani kwa mlo mmoja ili asijidhuru? Akaniambia hakuna kipimo kimoja cha watu wote. Mbeba magunia na mtu anayeshinda ameketi hawalingani, na mwenye kisukari anayetumia dawa apange na daktari wake, asijikatie tu ghafla. Lakini mama aanze na sahani. Nusu yake iwe mboga, robo iwe samaki au maharage, na robo iliyobaki ndiyo nafasi ya wanga. Akishindwa kukadiria, akunje ngumi yake mwenyewe, wali usiipite. Na wanga uwe wa namna moja kwa mlo: ukipakua muhogo, wali ubaki chunguni. Ukila chapati, vitumbua vingoje siku nyingine.

"Na chai ni mlo," akasisitiza. "Na hiyo chai unayonieleza ni mlo mzito kuliko wa mchana."

Nikamuuliza kuhusu muhogo, kama ndio tuuage. Akasema haujakatazwa, kipande kimoja au viwili, si bakuli, na tui lipungue. Halafu akasema kisamvu ni kizuri sana kwa mama, hicho ale cha kutosha.

Kisamvu!

Nilirudi kwa miguu jua lote lile, kwa sababu kisamvu kilinipandisha hasira upya. Kila wiki Shangazi Tatu huleta mihogo chini na majani juu. Kisamvu, na siku nyingine matembele, kachuma alfajiri, bado yana umande. Na kila wiki mama huchukua mihogo, majani humpa Bi Rehema, kwa kuwa eti majani ni mboga ya siku za dhiki. Nusu ya sahani ya mama ilikuwa inavuka ukuta kwenda kwa jirani. Bi Rehema huyapika, huyala, anapanda ngazi za ghorofani kwao kama msichana, halafu anashuka kwenda kusema aliyeyaleta ni mwanga.

Maana kasema. Nilimkuta mlangoni kwake anapepeta mchele, nikamuuliza. Wala hakukana. Aliwaambia wanawake kwenye maulidi ya wiki iliyopita, kwa nia njema, wajihadhari tu. Shangazi alikuwepo siku hiyo, anagawa pilau. Sahani zilizotoka mkononi mwake zilirudi hazijaguswa. Mama mmoja aliinuka akamtoa mwanawe mapajani pa shangazi, mtoto akalia kumtaka. Bi Rehema alinisimulia haya yote huku ungo unakwenda juu na chini.

Nikamwambia ilikuwa chakula, Bi Rehema. Muuguzi alikuwa anasema habari ya wali na mihogo. Akasimamisha ungo, akafikiri kidogo.

"Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, laja."

Nina umri huu nikiisikia methali hiyo na leo ndiyo siku ya kwanza nimeichukia. Niliondoka kwa adabu. Adabu imeniuma mpaka kwenye meno.

Nyumbani mama alikuwa ameshapakua. Wali wa nazi, moto, harufu yake ilinifika tangu uani na tumbo langu likanisaliti. Nikakunja ngumi yangu juu ya sahani niliyopakuliwa nione robo ni kiasi gani, na ngumi ikaonekana ndogo, ngumi ya msusi, nikaikasirikia na yenyewe. Mama akaniuliza nagombana na wali? Nikasema ndiyo.

Muuguzi alikuwa ameniahidi kunitumia ujumbe wa sauti akimaliza wagonjwa wake, na akautuma kweli. Nikaiweka simu mezani, nikaongeza sauti. "Mama shikamoo. Mimi muuguzi. Siku ile nilikosea kusema. Wanga umezidi, mama. Umezidi. Ni chakula, si watu. Wifi yako hana kosa, naomba unisamehe." Alilivuta lile *u* kama mtoto anayejifunza kusoma, na nilimpenda kwa hilo.

Mama akataka kusikia tena. Kisha tena. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza neno moja tu.

"Umezidi," akasema.

"Umezidi, mama."

"Kwa hiyo si Tatu."

"Si yeye."

Nilitegemea atafurahi. Nani asingefurahi kuambiwa nyumba yake haina wachawi? Lakini alikuwa anaiangalia sahani yake, ule wali uliopandiana, na uso wake ukazeeka mbele yangu.

"Basi ni mkono wangu," akasema. "Mchawi ningemfunga, mwanangu. Ningemsomea, ningemfukuza, angekwenda. Huyu nimfukuze vipi, na njaa ni yangu mwenyewe?"

Sikuwa nimeliona hilo. Muda wote nilidhani mama amedanganywa na kiambishi. Kumbe kiambishi kilimfaa. Kilimpa mtu wa kumlaumu akaendelea kula. Kilimpa jina la moto ule wa miguuni ambalo si wali, si vitumbua, si yeye. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa mabega, kwa nguvu ile ile, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilipunguza wali wake mpaka ukafika ngumi, na mama akautazama ukirudi chunguni.

Halafu akainuka, akachukua ufagio, akafungua komeo la mlango wa mbele na kuifagia chumvi mwenyewe. Sikumsaidia. Nilihisi hiyo ni kazi yake.

Alipomaliza akaniambia nimpigie Tatu. Nikapiga, nikaweka spika. Mama akatoa salamu zote, moja moja, za nyumbani, za shambani, za afya, kama mtu anayechelewesha kuruka maji ya baridi. Mwisho akasema, "Wifi, nisamehe. Nilisikia vibaya." Akamweleza yote, wanga huu na wanga wale.

Tulisikia kuku wa shangazi.

"Nimekusamehe tangu pale barazani," shangazi akasema.

Mama akashusha pumzi, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi wiki ijayo uje. Uje na kisamvu, safari hii nakipika mwenyewe. Kitanda chako nakitandika leo."

"Nitakuja, wifi. Kisamvu nitaleta. Ila nitakuja mchana, watu wanione nikiingia. Na kabla ya magharibi nitakuwa nimeshapita stendi, wanione nikitoka. Mimi kulala kwako tena, basi."

Mama akasema, Tatu. Akasema tena, Tatu. Shangazi akamtakia usiku mwema wakati jua bado liko juu, akakata.

Hakuwa na kinyongo. Ningekisikia. Alikuwa amepiga hesabu tu, hesabu ya mwanamke mjane anayeishi peke yake shambani, anayejua neno lile likishatoka hufanya nini. Mama alikaa na simu mapajani mpaka kioo kikazima. Ngumi yake ya wali ilipoa pale pale.

Ndiyo maana bado nina hasira. Si kwa muuguzi. Si kwa mama pia, au kidogo tu. Wanga wa mama naweza kuupima kuanzia kesho asubuhi, chai ikiwa mlo na vitumbua vikiwa kimoja, atanung'unika na tutazoea. Lakini lile neno lililotoka kwa Bi Rehema likaingia sijui nyumba ngapi, kipimo chake nini? Nani atamrudishia shangazi yule mtoto mapajani?

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Kesho saluni haifunguliwi. Nakwenda kuyazoa hivyo hivyo, mlango kwa mlango, na naanza na mlango wa Bi Rehema.